Nimwache mtoto azoee malaria?

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Lushoto, na Januari mwaka huu nilihamishiwa shule ya msingi huku Muheza, bondeni. Tangu nifike nimeugua malaria mara mbili. Ya kwanza nilinunua dawa mseto dukani nikameza bila kupima, ya pili ikanilaza na kutundikiwa dripu. Walimu wenzangu wenyeji wananicheka: "Mgosi, damu yako ni ya baridi, subiri izoee." Wao wakipata homa wanameza panadol, kesho wako darasani. Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia kwamba Wasambaa wa zamani walikuwa hawalali nyika hata jua likiwazamia. Mimi nilidhani ni hofu za wazee tu. Sasa mke wangu ana mimba ya miezi minne na tuna mtoto wa miaka mitatu, nao wanahamia huku mwezi ujao. Jirani ananishauri nisimlaze mtoto kwenye chandarua kila siku, eti atachelewa kuzoea, na kwamba watoto wa siku hizi wamekuwa laini kwa sababu ya vyandarua. Mwingine anasema mwenye AS haugui malaria kabisa, nikampime mtoto. Je, ni kweli watu wa huku wana damu tofauti na yetu? Na nimwache mtoto azoee?*

Marahaba mwalimu, na pole kwa kulazwa. Umeuliza mengi, ila naona linalokukosesha usingizi ni la mtoto, kwa hiyo nalijibu kabla ya yote: usimwache azoee. Mlaze ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza atakaofika Muheza, na kila usiku unaofuata. Ushauri wa jirani yako una chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Chembe yenyewe ni hii. Walimu wenzako hawajisifu bure. Mtu mzima aliyezaliwa na kukulia mahali penye malaria ya mwaka mzima anakuwa na kinga ya kweli. Haimzuii kuambukizwa, bali inamzuia asiangushwe. Wanapokosea ni pale wanapodhani kinga hiyo ni ya kabila au ya hewa ya mahali, na wanaposahau ililipiwa na nani.

Nianze na babu yako, maana alikuwa sahihi kuliko ulivyomdhania. Kimelea kinachoua zaidi kwetu, Plasmodium falciparum, kinaishi kwa zamu: muda fulani ndani ya mtu, muda fulani ndani ya mbu jike wa Anofelesi. Mbu akinyonya damu yenye vimelea hawezi kumwambukiza mtu mwingine hapo hapo. Lazima vimelea vikomae tumboni mwake, kisha vipande hadi kwenye tezi za mate, na kasi ya kukomaa inategemea joto. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi inachukua siku 12 hivi. Kwenye nyuzi 20 inakaribia wiki nne. Joto likishuka chini ya nyuzi 16, vinasimama kabisa. Mbu wengi hawaishi wiki nne. Kwa hiyo Lushoto, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mbu anaweza kuwepo, akauma, na akafa kabla hajawa hatari. Muheza, kwenye mita 200 hivi, anakomaza vimelea na bado anabakiwa na siku za kuuma watu kadhaa. Mzee aliyekataa kulala nyika hakuwa na kipimajoto, lakini aliwajua kwa majina waliolala huko wakarudi wakitetemeka.

Tazama hata mji mkuu wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, ulikuwa wapi. Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikuwa na himaya iliyofika karibu na pwani, lakini alitawala kutoka Vugha, juu milimani. Malaria haikuwa sababu pekee. Huko juu kulikuwa na mvua, migomba na ulinzi dhidi ya maadui. Lakini afya ilikuwa sehemu ya hesabu, na watu wa milimani waliilezea bila kuzungusha maneno. Mwaka 1897 na 1898 daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa maarufu tayari kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alikuja katika koloni la Wajerumani na kupanda Usambara kutafuta mahali pasipo na malaria. Aliandika kwamba watu wa huko walimweleza kuwa wakishuka bondeni wanapata homa wanayoiita mbu, kwa sababu bondeni kuna wadudu wa jina hilo wanaowauma. Angalia wakati wenyewe: daktari Mwingereza Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza ameona vimelea tumboni mwa mbu kule Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, na Waitalia wakathibitisha mwaka 1898 kwamba mbu wa Anofelesi ndiye anayeeneza malaria ya binadamu. Ross alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1902. Wazee wa Usambara hawakupewa hata ahsante.

Wala wewe si wa kwanza kutoka kwenye baridi na kuugua bondeni. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza aliingia nchi hii kupitia Kilimanjaro na kuteremka bonde la Pangani, chini kabisa ya milima yenu, akiwa na maelfu ya askari wa Afrika Kusini, wengi wao vijana waliokulia mahali pasipo na malaria. Kikosi kimoja cha askari wa miguu, cha 9 cha Afrika Kusini, kilianza Februari kikiwa na watu zaidi ya 1,100. Kufikia Oktoba waliobaki na afya ya kupigana walizidi 100 kidogo tu, na risasi hazikuwa na sehemu kubwa katika hilo. Mwishoni mwa mwaka zaidi ya askari 12,000 walirudishwa kwao na nafasi zao zikachukuliwa na Waafrika wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wa Nigeria na wa Gold Coast. Upande wa pili, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa amefungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, lakini kituo cha utafiti cha Wajerumani kule Amani, hapo hapo wilayani Muheza, kilikuwa na miti ya misinkona iliyopandwa tayari. Magome yake yakatengenezwa kwinini. Iliyochemshwa porini baadaye ilikuwa ya maji na chungu kupindukia, askari wakaitania kwa jina la pombe kali: Lettow-Schnaps.

Walioumia kuliko wote hawakuwa na bunduki. Ni wapagazi, wengi wakiwa wametolewa kwa nguvu vijijini, wakiwemo watu wa nyanda za juu za Kenya ambao miili yao haikuijua malaria kama vile wako usivyoijua. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi yaliwaua wengi kuliko vita: kuhara damu, nimonia, malaria, na njaa juu yake. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, ingawa sijakutana na mtu anayelifikiria hilo akiwa pale ananunua simu. Na baada ya vita wakaja manamba wa mashamba ya katani ya Tanga, wengine wakitokea Ubena na Urundi, nchi za baridi, kupangwa kwenye makambi ya bondeni. Hadithi ikawa ile ile.

Sasa kinga yenyewe inavyofanya kazi. Mbu anapokuuma anakuachia vimelea vichache vinavyokimbilia ini. Kwa wiki moja au zaidi huna dalili yoyote. Kisha vinatoka kwa maelfu, vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, vinazaliana humo, vinazipasua na kuingia nyingine, kila baada ya saa 48 hivi. Kule kutetemeka unakokujua kunatokana na chembe hizo kupasuka kwa pamoja. Nikiangalia kwa hadubini tone la damu ya mgonjwa kama wewe, likiwa limepakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, naona pete nyembamba za buluu zenye nukta nyekundu ndani ya chembe za damu, mara nyingine pete mbili ndani ya chembe moja. Hivyo ni vimelea vichanga. Vilivyokomaa ni nadra kuviona kwenye kioo, na huo ndio ubaya wa falciparum. Kimelea kinapokomaa kinatokeza protini nje ya chembe ya damu, na chembe hiyo inanata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo. Watu wanaposema malaria imempanda mtu kichwani, ndicho kinachokuwa kimetokea.

Mwili hujifunza kuitambua protini hiyo na kuitengenezea kingamwili, yaani silaha zake za ndani ya damu. Shida ni kwamba kimelea kimoja kina jeni 60 hivi za kutengeneza protini za aina hiyo na huhama kutoka jeni moja kwenda nyingine, kama mwizi anayebadili shati kila anapoingia mtaa mpya. Mwili ukishalijua shati la kwanza, yeye amevaa la pili. Ndiyo maana surua ukiugua mara moja imetosha, lakini malaria unaweza kuugua kila mwaka. Kinga inajengwa shati kwa shati. Kuzuia malaria kali huja mapema, baada ya maambukizi machache tu kama mtoto ameyavuka. Kuzuia homa ya kawaida huchukua miaka ya utoto mzima. Kuzuia maambukizi yenyewe hakuji karibu kamwe. Tunapopita mashuleni kupima damu, si ajabu kumkuta mtoto wa darasa la tano ana vimelea na bado, dakika chache baadaye, yuko uwanjani anakimbiza chandimu.

Koch mwenyewe aliliona hili alipokwenda New Guinea mwaka 1899 na 1900. Kwenye vijiji vyenye malaria nyingi watoto wadogo walijaa vimelea, watu wazima hawakuwa navyo au walikuwa navyo vichache, na wageni, hata watu wazima, waliugua kama watoto. Jibu la swali la damu lilikamilika mwaka 1961 kule Gambia. Sydney Cohen na Ian McGregor walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima waliokulia kwenye malaria, wakawachoma watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua sana. Baadaye kingamwili za watu wa Afrika Magharibi zikajaribiwa kwa watoto wa Afrika Mashariki, nazo zikafanya kazi.

Kwa hiyo wenzako wakisema ni damu, wamesema kweli kwa maana hiyo moja. Lakini si damu ya Kibondei wala ya Kidigo. Mbondei aliyelelewa Lushoto ataugua kama wewe. Msambaa aliyezaliwa na kukulia Muheza atakucheka pamoja na wale wengine. Na kinga hii haidumu yenyewe: mwenyeji akikaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, nyingi inafifia. Wapo wengi waliokwenda kusoma Ulaya, wakarudi likizo wakijiamini, wakaishia wodini.

Kuna sehemu moja ya kurithi kweli, nayo ni hiyo AS uliyoambiwa. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali mwaka 1949 na kuona jambo la ajabu. Vinasaba vya selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu zenye umbo la mundu, vilikuwa vingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, vichache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wenye kinasaba kimoja, yaani AS, wanalindwa dhidi ya malaria. Ndivyo ilivyo: AS hupunguza malaria kali kwa takribani asilimia 90. Haizuii kuambukizwa wala kupata homa, kwa hiyo aliyekuambia "haugui kabisa" amezidisha. Na bei yake unaiona kwenye kliniki za selimundu. Mtoto aliyerithi kutoka pande zote mbili, yaani SS, ndiye mgonjwa wa selimundu, na malaria inaweza kumuua upesi kwa kumkausha damu. Mpime mtoto ukitaka, ni jambo zuri kulijua kwa ajili ya ndoa na uzazi wa mbeleni. Usimpime ili kuamua kama alale kwenye chandarua. Jibu la hilo halibadiliki.

Turudi kwa jirani yako. Hoja yake ina wazee wakubwa nyuma yake, na tena walikuwa hapo hapo kwenu. Donald Bagster Wilson, daktari Mwingereza, alitafiti malaria mkoani Tanga tangu miaka ya 1930 na baadaye akaongoza taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki kule Amani. Hofu yake ilikuwa hii: ukipunguza malaria mahali ambapo watu wamejijengea kinga, halafu fedha zikaisha au dawa ikashindwa, utakuwa umewavua nguo watu wazima ambao awali hawakuwa wakifa. Kwenye mkutano wa malaria wa Kampala mwaka 1950 jambo hilo lilijadiliwa kwa ukali. Waliotaka malaria idhibitiwe ndio walioshinda, na mimi naona walistahili, kwa sababu moja ambayo upande wa pili uliipunguzia uzito: kinga ya mtu mzima wa kijijini ilikuwa imejengwa juu ya makaburi ya watoto. Kila mwalimu mwenzako anayecheka leo ana ndugu, au mtoto wa jirani, au mtoto wa mama mdogo, aliyeanza naye safari hiyo na hakufika. Wanaosimulia ni waliobaki.

Ushahidi ulianza kuja mapema. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta, pande zote za mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipulizwa dieldrini, dawa ya kuua wadudu. Vifo vya watoto vikashuka sana. Unyunyiziaji ukasimamishwa, malaria ikarudi polepole, lakini vifo havikurudi vilikokuwa. Lakini hofu ya Wilson haikuwa ya kuzua. Zanzibar ilianza kampeni yake kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1958, malaria ikashuka hadi kuwa kidogo mno, kampeni ikafungwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Walipoanza upya kuanzia 2003, kwa dawa mseto, vyandarua na dawa-ukoko ya kupulizwa kutani, waliyashusha tena maambukizi chini ya asilimia moja, na safari hii wanajua kwamba hawawezi kuacha. Fundisho ninalolipata hapo ni kwamba ukianza kujikinga, endelea. Kuacha katikati ndiko kunakoua.

Utafiti unaojibu swali lako moja kwa moja umefanyika Kilombero na Ulanga, maeneo ambayo wakati huo mtu aliweza kuumwa na mamia ya mbu wenye vimelea kwa mwaka. Watoto zaidi ya 6,000 waliozaliwa kati ya 1998 na 2000 walifuatiliwa utotoni, ikaandikwa nani analala ndani ya chandarua chenye dawa na nani halali, kisha watafiti wakarudi mwaka 2019 kuona nani yu hai. Kama nadharia ya kuzoea ingekuwa kweli, waliolindwa utotoni wangekuja kufa zaidi walipokua. Haikuwa hivyo. Waliotumia chandarua zaidi walikuwa na vifo vichache kwa takribani theluthi moja au zaidi, na faida hiyo haikupotea hadi utu uzima. Mweleze jirani yako hivyo. Hao wanaoitwa laini wako hai na wanalea watoto wao.

Jambo jingine ambalo wenzako hawajaligundua ni kwamba Muheza ya leo si ile ya Wilson. Malaria katika mkoa wa Tanga imepungua sana tangu miaka ya 2000. Maana yake kijana wa miaka 15 aliyezaliwa hapo hana kinga aliyokuwa nayo baba yake, na anaweza kuugua vikali kuliko wazee wanavyotegemea. Ile tabia ya panadol na kesho darasani itakuja kuwaponza baadhi yao.

Mke wako ndiye anayenipa wasiwasi kuliko wewe na mtoto. Mimba hufungua mlango mpya: vimelea hupata mahali pa kunata kwenye kondo la nyuma, kwa kutumia protini ambayo mwili haujawahi kukutana nayo nje ya ujauzito. Hata mwanamke mwenyeji mwenye kinga huweza kuangushwa katika mimba ya kwanza. Mke wako hana kinga yoyote, kwa hiyo hatari ni upungufu mkubwa wa damu, mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kama hali ya kazi inaruhusu, sioni aibu abaki Lushoto hadi ajifungue. Najua familia haipangwi na daktari, kwa hiyo kama lazima aje, basi aje na kadi yake ya kliniki na aandikishwe Muheza wiki hiyo hiyo. Atapewa vidonge vya SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, mbele ya muuguzi, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha kila baada ya mwezi mmoja au zaidi hadi kujifungua, isipokuwa kama anatumia septrini. Atapewa pia chandarua, na asikubali kuondoka bila hicho. Akipata homa, hata ndogo, hasubiri kesho, na dawa asichaguliwe na muuza duka.

Umeniuliza bila kuuliza kama mnaweza kumeza dawa za kujikinga. Zipo, na watalii wanazitumia. Zimetengenezwa zaidi kwa safari ya wiki au miezi michache, ni ghali ukizipigia hesabu ya miaka, na mojawapo, doksisaiklini, haifai kwa mjamzito wala mtoto wa miaka mitatu. Kwa mtu anayehamia kuishi, sizipendekezi kama tegemeo. Kama una ugonjwa mwingine, mathalani umetolewa bandama au kuna mwenye selimundu nyumbani, hapo mazungumzo yanabadilika na yafanyike ana kwa ana. Mwarobaini na chai ya pakanga sitavijadili kwa kirefu: vina kemikali zenye nguvu, lakini hakuna anayejua kwenye kikombe chako kuna kiasi gani, na dozi pungufu humfundisha kimelea kuvumilia. Klorokwini ilitushinda hivyo hivyo, tukaiacha Tanzania Bara mwaka 2001, tukaiweka SP mahali pake, na hiyo nayo ikachoka tukahamia dawa mseto mwishoni mwa 2006. Hatuna nyingine nyingi za kuhamia.

Linalofaa ni la kuchosha kidogo. Chandarua chenye dawa, kichomekwe chini ya godoro, kisiwe na matundu ya kupitisha kidole, kifuliwe kwa sabuni ya mche badala ya jiki, kianikwe kivulini. Nyavu za madirishani, na dari au wavu kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, maana mbu wetu wa usiku hupenda kuingilia hapo. Jioni mnapokaa nje, vaeni nguo ndefu, kwa kuwa baadhi ya mbu wa siku hizi wanaanza kuuma mapema kabla watu hawajalala. Vidimbwi karibu na nyumba vifukieni, ingawa sikufichi kwamba kufukia dimbwi lako moja hakutabadilisha kitu kama shamba la jirani lina madimbwi mia.

Na upime. Ile mara ya kwanza ulipomeza dawa bila kupima, huenda haikuwa malaria, na huenda ilikuwa malaria ukakatiza dozi ulipopata nafuu siku ya pili. Dawa mseto ni siku tatu kamili, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili ifyonzwe. Kipimo cha haraka kinachukua dakika 15 hadi 20 tu. Kikionyesha huna malaria, kubali, utafutwe ugonjwa mwingine badala ya kumeza dawa kwa mazoea. Kumbuka pia kipimo hicho kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo homa ikirudi mapema omba hadubini. Kwa wenyeji kuna mtego mwingine. Mtu mzima mwenye kinga anaweza kuwa na vimelea bila kuugua, homa yake ikatokana na nimonia, na kila mtu akatulia kwa sababu kipimo kimesema malaria.

Zipo dalili ambazo hazisubiri asubuhi wala bodaboda ya bei nafuu: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, kulegea au kutoamka vizuri, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, macho ya manjano, mkojo mweusi, na degedege. Nalisisitiza degedege, kwa sababu huko pwani bado kuna wanaoamini kuwa ni kazi ya shetani au ndege anayepita juu ya mtoto, na kwamba akichomwa sindano akiwa katika hali hiyo atakufa. Wapo wazazi waliopita kwa mganga kwanza na wakafika hospitali wakiwa wamechelewa. Mtoto akikakamaa, mlaze ubavu, usimwekee kitu mdomoni, na muende hospitali moja kwa moja. Kama ni malaria kali, sindano ya artesuneti ndiyo inayomwokoa. Kama zahanati iliyo karibu haina sindano lakini ina artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, waiweke, kisha safari iendelee hadi hospitali.

La mwisho linahusu Desemba, mtakapopanda Lushoto kwa likizo. Tangu mbu akuume hupita siku saba hadi wiki mbili, pengine zaidi, kabla ya homa kuanza, kwa hiyo mnaweza kuondoka Muheza wazima na mkaugua nyumbani kwa bibi. Huko juu homa ya mtoto katika msimu wa baridi na mvua hudhaniwa kuwa mafua au kifua. Mkifika zahanati, kabla hamjaulizwa lolote, semeni mmetoka Muheza na mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo.